Gorogoro Tatu Zilizopungua

Katika miaka tisa ya kazi yake, Inspekta Nasimiyu alikuwa ameombwa na washukiwa sigara, wakili, blanketi, na mara moja kuku wa kukaanga. Wekoye alikuwa wa kwanza kuomba asikilizishwe kielelezo.

"Sanduku langu la wufa," alisema kupitia vyuma vya seli. "Lile liko kwa gari ya Tonny. Nataka kulisikia tu, afande. Dakika kumi."

"Kwa nini?"

"Jana mkinipitisha hapo nje, huyu konstebo alikuwa amefungulia redio ya gari. Sanduku linaimba vibaya."

Konstebo Rotich, aliyekuwa amesimama nyuma ya Nasimiyu na faili kwapani, alijikuna shingo. "Nilikuwa najaribu kama kielelezo kinafanya kazi, madam."

"Ulikuwa unasikiliza mpira."

"Na mpira pia."

Nasimiyu alinyoosha mkono, akapewa faili. Alikuwa ameisoma mara mbili tangu asubuhi, na kila mara ilimwachia ladha ile ile ya chai iliyoungua. Tonny Wanyonyi, dereva wa duka moja la mbegu mjini Kitale, alikutwa Jumatano jioni kando ya barabara karibu na Ndalu, amepigwa kichwani kwa chuma. Gari lake kuukuu, Toyota ya rangi ya fedha, lilikuwa limepekuliwa hadi viti vikachanwa. Sasa gari lilikuwa uani hapa Bungoma, na Tonny alikuwa hospitalini, hajui usiku wala mchana. Kabla fahamu hazijamtoka, alimwambia Rotich maneno machache, na Rotich akayaandika neno kwa neno: *Iko mahari yake. Wekoye atasikia.*

Wekoye alikuwa fundi wa masanduku ya spika huko Kitale, na mchumba wa Nabwile, dada yake Tonny. Bisibisi yake yenye jina lake ilipatikana chini ya kiti cha gari. Rotich alijumlisha mahari, tishio na bisibisi, akamkamata Alhamisi kabla ya saa mbili. Leo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Wekoye angefikishwa mahakamani kwa kujaribu kuua, na kama Tonny angekata roho kabla ya hapo, lile neno "kujaribu" lingefutwa.

"Bisibisi ilifikaje kwa gari?" Nasimiyu aliuliza.

"Alikuja kuiazima Jumanne. Nimemwambia huyu mara tano."

"Mara nne," Rotich akasema.

"Mtoe," Nasimiyu akaamuru. "Pingu zibaki."

Mshukiwa anayeng'ang'ania kukaribia kielelezo huwa anataka kukiharibu au kukichukua. Nasimiyu alitaka kuona ni kipi.

*

Sanduku lilikuwa kwenye buti la gari, jeusi, limevishwa zulia kama kiti cha ofisi. Mbele lilikuwa na wufa, spika ya sauti nzito, pana kama sinia ya ugali, na kando yake tundu la duara lililokuwa mdomo wa bomba la plastiki, aina ile ya kutolea maji ya bafuni.

Wekoye hakuligusa. Aliinama tu, mikono yake iliyofungwa ikaning'inia mbele, kisha akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nani ametafuna skrubu zangu?"

"Zipi?"

"Hizi mbili za juu. Mimi hutumia bisibisi ya nyota, na hawa wametumia bapa. Ona vichwa vimelika! Jumanne asubuhi nilizikaza mwenyewe, zilikuwa kama zimetoka dukani."

Nasimiyu alikaribia, akatazama. Skrubu zilikuwa nane. Sita zilikuwa safi. Mbili vichwa vyake vilikuwa vimeparurwa hadi ile alama ya nyota ikabaki kishimo. Alimtupia Rotich jicho.

"Si sisi, madam. Nilipiga picha pale pale Ndalu. Zilikuwa hivyo."

"Na ndani uliangalia?"

"Nilifungua spika yote. Nikapiga tochi. Mbao tupu."

Nasimiyu aliandika kwenye daftari: *bisibisi ya fundi iliachwa garini, aliyefungua alitumia nyingine.* Mtu aliye na bisibisi yake kiganjani angetafutia wapi bapa? Lakini angeweza pia kuharibu skrubu makusudi, ili siku kama ya leo apige kelele hivi. Hakufuta alichoandika, wala hakukipigia mstari.

"Haya. Sikiliza hilo sanduku lako."

Wekoye aliomba vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa sidii iliyokuwa kwenye kijisanduku cha dashibodi, iliyoandikwa kwa kalamu nene MAJARIBIO. Cha pili kilikuwa punje chache za mahindi makavu. Rotich alizitoa jikoni kwa mahabusu. Sanduku likalazwa chini, wufa ikatazama mbinguni, nyaya zikaunganishwa na betri ya gari.

"Hii sidii haina muziki," Wekoye alieleza. "Iko na nyimbo sitini, na kila wimbo ni mngurumo mmoja tu. Wimbo wa ishirini ni mitikisiko ishirini kwa sekunde, wa hamsini ni hamsini. Weka punje juu ya wufa, afande. Sasa anzia hamsini, urudi chini."

Mngurumo wa hamsini ulipotoka, punje zilirukaruka kama zilizo kwenye kikaango. Arobaini na nane, arobaini na sita, bado zilicheza. Rotich alisahau cheo chake akachuchumaa.

"Kila sanduku lenye bomba liko na noti yake," Wekoye aliendelea. "Ukifika kwa hiyo noti, bomba ndiyo hupumua, wufa husimama. Punje hulala. Hapo ndipo unajua sanduku limeelekezwa wapi. Mimi hukata bomba kidogo kidogo mpaka punje zilale kwa thelathini na sita. Ya Tonny ni thelathini na sita."

"Kwa nini hiyo?"

"Chini ya hapo inakuwa upepo. Juu ya hapo inakuwa debe."

Arobaini na mbili. Arobaini na moja. Mngurumo wa arobaini ulipoingia, punje zilitetemeka kidogo, zikatulia. Katika mdomo wa bomba hewa ilivuma hata ukosi wa Rotich ukapepea.

Wekoye aliinamisha sikio kwenye bomba. Nasimiyu alimtazama usoni, si kwenye sanduku.

"Arobaini," alisema fundi hatimaye. "Wamefanya nini?"

"Niambie wewe."

"Ama bomba limekatwa, ama hewa ya ndani imepungua. Pima bomba. Liwe sentimita ishirini."

Nasimiyu alitoa futi ya utepe, akaishusha ndani ya tundu hadi ikanasa ukingo wa chini. Ishirini kamili.

"Basi hewa," alisema Wekoye kwa sauti ndogo. "Kuna kitu kimekula hewa yangu."

"Konstebo alipiga tochi. Hakuna kitu."

"Afande, mimi nakuambia kile nasikia, si kile naona."

"Mrudishe seli," Nasimiyu alisema. Aling'oa sidii, akaitia mfukoni. "Na wewe Rotich, sanduku hili lifungie stoo. Asiliguse mtu. Hata mpira ukiwa fainali."

*

Karakana ya Wekoye ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko la Kitale, kikiwa kimebanwa kati ya fundi wa viatu na duka la vifaa vya ujenzi la Gurcharan. Nasimiyu alifika saa nane mchana, vumbi la barabara limemkaa kwenye nyusi. Kilikuwa kipindi cha kungoja mvua ya kwanza, na kila aliyepita njiani alikuwa na jembe jipya au pakiti ya mbegu.

Alikuwa amekuja kutafuta uongo. Fundi angeweza kutaja namba yoyote aliyotaka, thelathini na sita au mia moja na sita, na nani angembishia? Lakini ukutani, kwa chaki, kulikuwa na orodha ya masanduku ya mwaka mzima, vumbi limekwisha kuigandia. Alisogeza boriti iliyokuwa imeifunika nusu, akasoma: *Tonny. Goro 16. Bomba 20. Noti 36.*

"Goro ni nini?"

"Gorogoro, afande." Aliyejibu alikuwa msichana mwembamba aliyesimama mlangoni na leso mabegani. "Yeye hapimi kwa lita. Anajaza sanduku na mahindi, anahesabu gorogoro. Ati mahindi hayadanganyi kama rula."

"Wewe ni Nabwile."

"Ndiyo." Macho yake yalikuwa mekundu. "Afande, nimetoka Mabanga kwetu asubuhi kwa ajiri ya funguo za hapa, sijaenda hosipitari. Kaka yangu amerara mahari gani?"

Nasimiyu alikuwa ameinamia debe la bati lililokuwa chini ya meza, gorogoro yenyewe ya Wekoye. Alibaki ameinama hivyo hivyo.

"Umesema nini?"

"Amerara mahari gani? Wadi gani?"

Nyumbani kwao Nasimiyu, huko Webuye, ulimi uliteleza vivyo hivyo. Nyanya yake alikufa akiita lori *roli* na Roma *Loma*. Yeye mwenyewe alinyooshwa kwa fimbo na mwalimu wa darasa la nne. Rotich hakunyooshwa wala hakupindika. Kwao Kapsabet eli ni eli na ari ni ari, na neno likifika sikioni mwake huliandika kama lilivyotua.

"Wadi ya tatu," alisema. "Nabwile, mahari yako imefikia wapi? Ng'ombe."

Msichana alishangaa. "Iriisha Desemba. Tonny mwenyewe ndiye ariswaga ng'ombe mpaka kwetu, akiimba njia yote. Kwani?"

"Tonny na Wekoye walikuwa na neno?"

"Neno gani? Hao ni pua na mdomo. Wekoye amefundisha Tonny hii kazi yote. Tonny akipata nafasi yuko hapa."

"Na Jumanne?"

"Ariazima bisibisi. Wekoye arikuwa ameenda kuchukua zuria. Tonny akakaa hapa ndani peke yake kama saa moja, amefunga mlango. Nikamwuliza unafanya nini, akasema anarekebisha."

Nasimiyu alifungua faili kwenye ukurasa ule. *Iko mahari yake. Wekoye atasikia.* Aliweka kidole juu ya herufi moja, akaifunika. Kisha akaitazama sentensi ya pili. Rotich aliisoma kama tishio, kama vile watu wanavyosema *utanisikia*. Lakini fundi wa masanduku anaposikia, husikia kwa masikio.

Iko mahali yake. Wekoye atasikia.

Hakumwambia Nabwile kitu. Dada naye angeweza kujua kilichofichwa, na anayejua huweza kusema. Alichukua gorogoro, akaigeuza na kuigonga tako. Lilikuwa tambarare, halijabonyezwa. Akaitia kwenye mfuko wa nailoni na kutoka.

Gurcharan alikuwa nyuma ya kaunta, mzee mwenye kilemba cha buluu na chupa ya soda iliyofika nusu.

"Tonny? Alinunua plaiwudi Jumanne. Kipande, mama, si shiti nzima. Nikamkatia mwenyewe. Thelathini na tisa kwa thelathini, sawasawa. Na gundi."

"Alisema ya nini?"

"Ya sanduku la muziki. Nikamwambia kijana, sanduku lako si limekwisha toka Januari? Akacheka tu." Mzee alishusha sauti. "Jana amekuja mtu mwingine kuuliza swali hilo hilo."

"Nani?"

"Dereva wa pikapu ya Hiram, yule tajiri wa Tonny wa duka la mbegu. Anataka kujua Tonny alinunua nini hapa. Nikamwambia, misumari. Mimi siuzi habari, nauza misumari."

"Mzee, ukitia kitu ndani ya sanduku la spika, sauti inabadilika?"

Gurcharan alimtazama kama anayeulizwa kama moto unachoma. Aliinua chupa yake, akapuliza juu ya mdomo wake. Ikatoa sauti nene. Akamwita jirani, fundi wa viatu, aliyekuwa na soda yake imejaa karibu yote, akampokonya na kupuliza. Ikatoa filimbi nyembamba.

"Soda yangu!" fundi wa viatu alilalamika.

"Nitakununulia. Umesikia, mama? Nafasi ndogo, sauti juu."

*

Duka la mbegu la Hiram Wakhungu lilikuwa limejaa wakulima hadi barabarani. Hiram mwenyewe alimwona Nasimiyu kutoka mbali, akampasulia njia kwa mikono miwili.

"Karibu madam, karibu! Lete kiti! Lete chai!" Alikuwa mwanamume mnene wa miaka hamsini, shati limepigwa pasi hadi likawa na makali. "Tonny anaendeleaje? Nimelia, wallahi nimelia. Na ati ni mambo ya mahari. Vijana wa siku hizi wanauana kwa sababu ya ng'ombe!"

"Nani amekuambia ni mahari?"

"Mji mdogo huu. Habari hutembea."

"Kutoka Bungoma?"

"Habari ina miguu mirefu, madam." Alicheka peke yake, kisha akafungua droo na kutoa bahasha. "Vizuri umekuja. Nilikuwa nataka kutuma barua hii kituoni. Ule muziki wa kwenye gari ya Tonny ni mali yangu. Sanduku na spika. Nilimnunulia nikiwa nimefurahishwa na kazi yake. Sasa vile ameumia, nirudishiwe, niuze, nisaidie familia."

Nasimiyu alisoma barua. Ilikuwa fupi na ya heshima. Haikutaja redio, ambayo ilikuwa ya bei zaidi. Haikutaja amplifaya. Ilidai sanduku.

"Hakuna shida, mzee," alisema kwa upole. "Ila kituoni wakorofi. Watataka alama za utambulisho, mtu asije akadai sanduku la mwenzake. Ongeza hapa chini kwa mkono wako."

Hiram aliinamia karatasi, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo. *Zulia nyeusi. Wufa inchi kumi na mbili. Skrubu nane, mbili vichwa vimelika.* Akatia sahihi na tarehe.

"Una macho makali," Nasimiyu alisema akiikunja barua. "Uliliona lini mara ya mwisho?"

"Siku lilipotoka kwa fundi. Januari. Tangu hapo sijaligusa."

"Basi njoo kesho saa tatu ulichukue."

Wakati wa kutoka alisimama kando ya lundo la pakiti za mbegu, kilo mbili mbili, mahindi yaliyopakwa dawa ya rangi ya kijani kibichi yakionekana kupitia plastiki. Mwanamke mmoja aliyemfunga mtoto mgongoni alikuwa akizibembeleza tatu mkononi kama mayai.

"Unapanda lini, mama?"

"Mvua ikishuka tu. Mwaka jana nilinunua hapa, haikuota. Hiram akasema ni udongo wangu."

Nasimiyu aliangalia kibandiko kwenye pakiti moja. Kila pakiti halali hubeba namba yake. Akaangalia ya pili, kisha ya tatu. Namba zilitofautiana. Kama kulikuwa na uchafu hapa, haukuwa umewekwa mbele ya mlango.

*

Jumamosi saa tatu kasorobo, ua wa kituo cha Bungoma ulikuwa na gunia la mahindi makavu, turubai, patasi na sanduku la wufa limelazwa chali. Nasimiyu alifika mapema, akatoa spika kwa bisibisi ya Wekoye na kumulika ndani kwa tochi. Ilikuwa kama Rotich alivyoandika: mbao tupu, safi, pande zote. Alipitisha kidole kwenye kona za chini. Ncha ya kidole ilirudi na harufu ya gundi.

Angeweza kutia patasi pale pale. Hakufanya hivyo. Kilichofichwa kikitolewa akiwa na Wekoye peke yao, wakili yeyote angesema fundi alikijua siku zote. Alitaka mwenye barua awepo.

Wekoye aliletwa, pingu mikononi. Nabwile alisimama karibu na ukuta, amekatazwa kumkaribia. Saa tatu kamili pikapu nyeupe iliingia, Hiram akashuka, akafuatwa na dereva mwenye mabega mapana.

"Mnafungua soko?" Hiram aliuliza kwa uchangamfu. "Mimi nimekuja kuchukua mali yangu, nakuta mahindi."

"Kanuni mpya," Nasimiyu alisema. "Kielelezo hakitoki bila kupimwa. Konstebo, hesabu kwa sauti."

Rotich alichota gorogoro ya kwanza, akaisawazisha kwa kiganja, akamimina. "Moja."

"Madam, hii ni nini?" Hiram alisogea. "Gorogoro za soko hizi zimebonyezwa matako! Hakuna mfanyabiashara asiyejua."

Nasimiyu alimnyang'anya Rotich debe, akaligeuza juu. Tako lilikuwa tambarare kama meza. "Hii haina ujanja, mzee. Endelea."

"Mbili. Tatu."

Uchangamfu ulimtoka Hiram polepole, kama maji yanayokauka kwenye bati. Kufika gorogoro ya kumi, dereva wake alikuwa anaangalia lango.

"Kumi na mbili. Kumi na..." Rotich alimimina taratibu. Punje zilipanda hadi ukingo, chache zikamwagikia turubai. "Kumi na tatu. Limejaa, madam."

"Wekoye," Nasimiyu aliita bila kugeuka, "sanduku la Tonny ni goro ngapi?"

"Kumi na sita. Liko kwa ukuta wangu."

"Nimeliona. Konstebo, tatu zimeenda wapi?"

"Sijui, madam. Labda fundi alihesabu vibaya."

"Labda fundi alihesabu vibaya!" Hiram alidaka. "Nimesahau simu kwa gari. Narudi."

"Simu iko mfukoni mwako, mzee, nimeiona umbo. Kaa." Askari wawili waliokuwa wakinywa chai kwenye ngazi waliweka vikombe chini, wakaenda kusimama langoni. Nasimiyu alikunjua barua. "Hapa umeandika kwa mkono wako, skrubu nane, mbili vichwa vimelika. Na jana ukaniambia hujaliona tangu Januari."

"Ndiyo. Zilikuwa zimelika tangu hapo."

"Uongo!" Wekoye alifoka. "Jumanne zilikuwa mpya!"

"Nyamaza. Tuseme fundi anadanganya. Konstebo, zile skrubu."

Rotich alitoa bahasha ya vielelezo, akamwaga skrubu mbili kiganjani mwake. Nasimiyu alimsogezea Hiram.

"Angalia vizuri palipoparurwa. Chuma kinang'aa kama sarafu mpya. Skrubu iliyoparurwa Januari ingekuwa imeshika kutu, mvua au jua. Hizi zilitafunwa wiki hii. Aliyezitafuna alitumia bisibisi bapa, huku ya nyota iko chini ya kiti, karibu na mguu wake, hakuiona. Alikuwa na haraka, akashindwa kuzifungua, na palikuwa na mtu amelala chini anatokwa damu. Sasa wewe umezijuaje?"

Hiram alimtazama dereva wake. Dereva naye alikuwa akitazama kiwiko cha askari aliyemshika mkono.

"Mimi nilikaa kwa gari," dereva alisema ghafla. "Nilimwambia mzee asipige tena."

"Funga mdomo wewe!"

"Ulisema tutaangalia kwa spika tu!"

Nasimiyu aliwaacha wote wawili wapumue kwa kelele, kisha akatoa ufunguo na kumfungulia Wekoye pingu. Akampa patasi.

"Mahindi yamwagwe kwanza. Halafu nionyeshe ukuta usio wako."

Wekoye aliingiza mkono ndani ya sanduku tupu, akabisha kwa vifundo vya vidole, upande kwa upande, kichwa kimeinama kama daktari anayesikiliza kifua. Alipofika sakafu ya sanduku alisita. Akabisha tena. "Huyu kijana," alisema, "amekata vizuri. Nilimfundisha mimi." Patasi iliingia, gundi ikalia, kipande cha plaiwudi kikang'oka kizima, thelathini na tisa kwa thelathini.

Chini yake palikuwa na pakiti mbili za mbegu zilizobanwa bapa, rundo la vibandiko vilivyofungwa kwa mpira, na karatasi ya kupakia mzigo. Nasimiyu alivaa glavu. Vibandiko vilikuwa mamia, na vyote vilikuwa na namba moja. Alitoboa pakiti kwa kalamu, akamimina mahindi machache kiganjani, akayatemea mate na kuyasugua. Rangi ya kijani ilitoka ikamwachia mahindi meupe ya ugali, yale yale yaliyokuwa yamemwagika kwenye turubai: mbegu bandia.

Karatasi ya mzigo ilikuwa na safari tatu za Tonny, Ndalu ikiwa ya mwisho, na chini yake sahihi ile ile iliyokuwa kwenye barua.

"Hiram Wakhungu," alisema, "ingia ndani. Barua yako tutaifanyia kazi."

Walipokwisha kupelekwa, Rotich alisimama na faili ameifungua.

"Madam, lakini Tonny alisema mahari. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia sawa."

"Sasa niandike nini?"

Nasimiyu alimwonyesha sanduku kwa kidevu. Wekoye alikuwa amekwisha kurudisha wufa, skrubu sita nzima na mbili mbovu, na alikuwa akiomba sidii kwa mkono, bila maneno. Alipewa. Nabwile aliachiliwa kutoka ukutani, akaja kuchuchumaa upande wa pili wa sanduku, akachagua punje za mahindi kwenye turubai na kuzipanga juu ya wufa.

Arobaini. Punje ziliruka. Thelathini na nane, zikaruka. Thelathini na saba, zikachechemea. Thelathini na sita: hewa ikavuma kutoka kwenye bomba, nzito, bila debe wala upepo, na punje zote zikalala.

Wekoye alifumba macho. Nabwile aliweka kiganja mbele ya bomba, akauacha ule upepo umpige.

"Imerudi mahari yake," alisema.

Rotich aliinua kichwa. Alimtazama msichana, akamtazama Nasimiyu, kisha akatafuta kalamu mfukoni. Aliandika polepole sana, akirudia neno kwa midomo bila sauti, na alipofika kwenye ile herufi aliikandamiza hadi karatasi ikatoboka.